Rekodi Imetoka Wapi? Historia Fupi ya Kukagua Hali

Wasomaji, leo tuongee kuhusu jambo linaloonekana dogo hadi pesa ziingie: oda iliyobatilishwa kugeuka kuwa oda iliyolipwa, na mfumo ukanyamaza tu.

Kwa nini unyamaze? Kwa sababu "imelipwa" ni neno halali. Lenye makosa ni badiliko lenyewe, na huwezi kulihukumu bila kujua rekodi imetoka wapi.

Wazo hili ni la zamani kuliko wavuti. George Mealy (1955) na Edward Moore (1956) walieleza mashine ambazo hatua yake inayofuata hutegemea hali iliyopo pamoja na kinachoingia. Hali iliyopo ni nusu ya jibu!

Kisha mwaka 2004 David Heinemeier Hansson akatoa Rails, na modeli zake zilijikagua kabla ya kuhifadhiwa. Raha sana, ila ukaguzi uliona thamani mpya tu. Ukitaka kujua ya zamani, ilibidi uisome rekodi upya kutoka hifadhidata.

Hifadhidata nazo zilijikokota. MySQL 5.0 ilileta triga mwaka 2005, na triga huona safu ya zamani na mpya pia. Sharti la CHECK, kwa upande wake, MySQL ililipokea na kulipuuza hadi toleo 8.0.16 mwaka 2019. Na hata likitekelezwa, huona safu mpya peke yake.

Juni 2008 ikaja Rails 2.1, na modeli zikaanza kukumbuka thamani ya awali. Kazi ikawa mistari mitatu:

if hali_changed? && hali_was == "imebatilishwa"
  errors.add(:hali, "haiwezi kubadilika tena")
end

Tumemaliza? Bado. Modeli hukumbuka ilichosoma, si kilichomo sasa. Mteja akibatilisha oda sekunde ileile karani anapopokea malipo, wote wawili wamesoma "inasubiri", wote wanapita ukaguzi, na wa mwisho kuandika ndiye anayeshinda.

Dawa ni kuliuliza swali mahali pa kuandika:

UPDATE oda SET hali = 'imelipwa'
WHERE id = 7 AND hali = 'inasubiri'

Hesabu safu zilizobadilika. Ukipata sifuri, mwenzako amekutangulia. Usimpe mteja risiti kabla ya kuisoma rekodi upya.