Kijiji cha Rika: Shule ya Wajenzi Ufukweni mwa Nyasa

Jifya moja haliinjiki chungu. Methali hii ya pwani ingalieleweka bila ya mkalimani huko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako msafiri Joseph Thomson, mwaka 1879, alizistaajabia nyumba za Wanyakyusa, zilizojengwa kwa mianzi, udongo na nyasi katikati ya migomba. Nyumba zile zilikuwa na shule yake, ijapokuwa shule hiyo haikuwa na ubao wala kengele.

Shule hiyo ni kijiji cha rika. Godfrey Wilson na mkewe Monica waliuchunguza utaratibu wake kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica akauandikia kitabu, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Mvulana wa miaka kumi hivi aliacha kulala kwa babake. Yeye na wachungaji wenziwe walihamia kando ya kijiji cha wazee wao, wakajijengea. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima likipita nyumba hadi nyumba. Lakini usiku walilala chini ya paa walilolisimamisha wenyewe.

Vibanda vya mwanzo vilikuwa vya matete, dhaifu, mfano wa mchezo wa watoto. Na humo ndimo lilimokuwa somo. Mvua za Kyela ni miongoni mwa zilizo nyingi kabisa Tanzania, na kazi mbovu haikuhitaji mkaguzi: paa lilipovuja, waliolowa ndio waliojenga. Fundi wa kulaumiwa hakuwapo. Kulipokucha hapakuwa na budi ila kuezeka upya, asiyejua akijifunza kwa ajuaye. Hivyo vibanda vikawa bora mwaka hata mwaka, mpaka vijana wale wale wakaoa, wakajenga nyumba imara, na hatimaye, wakiwa na miaka thelathini na kitu, wakakabidhiwa nchi kwa sherehe. Waliojenga pamoja ndio waliotawala pamoja.

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake. Wasichana hawakuwa na kijiji cha rika lao. Waliingia katika vijiji hivyo kwa ndoa tu. Kisha uhaba wa ardhi na safari za vijana kwenda kutafuta ujira ukauvunja.

Elimu ya uhandisi ilikuja kwa mlango mwingine: kitivo kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na chuo cha ufundi kikaanza Mbeya mwaka 1986, ambacho leo ni chuo kikuu. Humo binti naye ana nafasi. Lakini popote mtihani unapompima kila mtu peke yake, mwanafunzi huweza kuhitimu bila ya kuwahi kukosea mbele ya wenziwe na kusahihisha pamoja nao. Na kujiamini kwa mjenzi huzaliwa hapo. Meli za MV Njombe na MV Ruvuma, zilizoundwa bandarini Itungi, Kyela, na kukamilika mwaka 2017, hazikuundwa na mkono mmoja. Aliyewahi kulowa pamoja na wenziwe haliogopi paa linalovuja.