Kufufua kompyuta pasipo diski ya usakinishaji

Kufufua kompyuta pasipo diski ya usakinishaji ni kazi ya kuirejesha katika hali ya kuwaka kompyuta ambayo mfumo wake endeshi umegoma kuanza, kwa nyenzo zilizomo ndani ya mashine yenyewe au zilizoandaliwa kwa mashine nyingine. Kazi hii ni mbali na ile waiitayo mafundi wa mitaani “kupiga window”, yaani kuusakinisha mfumo upya, ambayo wengine huikimbilia kabla ya kuchungua ugonjwa, na aghalabu hupoteza picha, hesabu na nyaraka za mwenye mashine bila ya sababu.

Asili ya hitilafu

Kompyuta iwashwapo, programu iliyotiwa katika ubao mama hukagua viungo, kisha hutafuta katika diski kuu mahali pa kuanzia. Katika mashine za zamani mahali hapo ni sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, ambazo takriban 446 ni za amri za kuanzia, 64 ni daftari la vigawanyo vya diski, na mbili za mwisho ni mithili ya muhuri. Utaratibu huu uliingia mwaka 1983 pamoja na PC DOS 2.0, ukadumu hata ulipoipisha UEFI, programu ya ubao mama ya aina mpya. Sekta hiyo ikiharibika, diski nzima, ijapokuwa imejaa mali, huwa kama nyumba iliyopotelewa na mlango. Katika Windows XP ya mwaka 2001 faili lililolalamikiwa sana liliitwa NTLDR. Tangu Vista ni BOOTMGR. Yafaa kusema kwamba malalamiko hayo pengine hutokana na flashi iliyosahauliwa katika tundu lake, na tiba yake ni kuichomoa.

Tiba iliyomo ndani

Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, mazingira ya ukarabati yaitwayo WinRE huwekwa katika diski kuu yenyewe. Katika Windows 7 huingiwa kwa kubonyeza F8. Kuanzia Windows 8, mashine ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo huyafungua yenyewe. Humo mna ukarabati wa kujiendesha, ambao hufaa kujaribiwa kwanza, na urejeshaji wa mfumo katika hali yake ya siku zilizopita, ambao haugusi nyaraka za mtumiaji. Hayo yakishindikana, fundi hufungua dirisha jeusi la amri, akaandika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /rebuildbcd, au bcdboot kwa mashine za UEFI, na chkdsk ikiwa ashuku diski. Lakini na atahadhari: ndani ya WinRE herufi za diski huweza kubadilika, kile kilichokuwa C kikawa D, hivyo ni wajibu kuandika dir na kuliona jalada la Windows kwa macho kabla ya kuamuru lolote.

Kwa kompyuta za Apple, nyenzo kama hizo zimo tangu OS X Lion ya mwaka 2011.

Nyenzo za nje

WinRE nayo ikiwa imeharibika, hutengenezwa flashi ya GB 8 kwa kompyuta ya jirani, au hutumiwa Linux iendeshwayo bila kusakinishwa, mfano wa Knoppix, iliyotolewa mwaka 2000 na Mjerumani Klaus Knopper, ili kunakili nyaraka kwanza.

Tukio la 2024

Tarehe 19 Julai 2024, faili lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilizima kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, zikiwamo za viwanja vya ndege na hospitali. Nyingi zilifufuliwa moja moja kwa mkono, pasipo diski yoyote, kwa kuingia katika hali salama na kulifuta faili ambalo jina lake lilianza kwa C-00000291. Wale ambao diski zao zilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, walihitaji kwanza ufunguo wa tarakimu 48, ambao mwenye kuupoteza hubakiwa na kuifuta diski na kuanza upya.