Marehemu Shihabuddin Chiraghdin: Mwalimu na Lahaja Iliyoachwa Nyuma

Barabara itokayo Changamwe kwenda Mazeras hupita Miritini, na kando yake, upande wa hori, uko Jomvu, mji wa Waswahili ambao Kijomvu chao hutajwa miongoni mwa lahaja za Kiswahili. Mbele kidogo ni Rabai, alikokaa Krapf tangu mwaka 1846. Kamusi yake, iliyochapishwa London mwaka 1882, iliegemea Kiswahili cha Mombasa na viunga vyake. Hata hivyo, mwaka 1928 mkutano uliokutana Mombasa penyewe ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kamati ya kuusimamia usanifishaji huo ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo mtoto wa Mvita aliyezoea kusema ndia, mato na mtele nyumbani kwao alitakiwa shuleni aandike njia, macho na mchele.

Shihabuddin Chiraghdin alizaliwa Mombasa mwaka 1934, na lugha hiyo ya nyumbani ndiyo aliyoinukia nayo. Upande wa baba alikuwa na asili ya Bara Hindi; upande wa mama alikuwa Mswahili. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani mtu ambaye wengine wangeweza kumwita mgeni ndiye aliyesimama kidete kuitetea hoja kwamba Kiswahili kina wenyewe. Kazi iliyompa riziki ilikuwa ualimu. Historia, uhariri wa mashairi na utungaji wa vitabu vya darasa ni shughuli alizozifanya sambamba na kufundisha.

Ya kwanza kujulikana ilikuwa historia. Maandishi yake juu ya maisha ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui yalitokea katika jarida la Kamati ya Kiswahili mnamo mwaka 1960, naye akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Mbaruk, mtawala wa Gasi, alipigana na masultani wa Unguja kwa miaka mingi, kisha na Waingereza. Ngome yake ya Mwele ilitekwa mwaka 1895, akavuka kuingia katika himaya ya Wadachi mwaka 1896, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Katika maandishi ya serikali ya kikoloni alikuwa mwasi tu. Chiraghdin alimwandikia wasifu, tena kwa Kiswahili.

Uhariri wake ulikuwa na shabaha iyo hiyo. Mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo yalikwisha kutolewa Marekani mwaka 1966, yakiwa na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries. Mwaka 1971 Chiraghdin alihariri Malenga wa Mvita, diwani ya malenga huyo huyo, na safari hii msomaji aliyekusudiwa alikuwa Mswahili na mwanafunzi wa Kiswahili. Tofauti hii si ndogo. Katika chapa ya kwanza Kimvita kilikuwa kitu cha kuelezwa kwa wageni. Katika ya pili kilikuwa somo.

Zao lake kubwa hakuliona. Historia ya Kiswahili, kitabu alichoandika pamoja na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, kilitoka mwaka 1977. Mnyampala alikuwa amefariki mwaka 1969, na Chiraghdin mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Mkusanyo wake wa washairi, Malenga wa Karne Moja, ulichapishwa mwaka 1987. Hata agizo la kukifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya lilikuja baadaye, pamoja na mfumo wa elimu wa mwaka 1985.

Historia ya Kiswahili ina upungufu wake. Habari za karne za mwanzo zimetegemea mno mapokeo, na ushahidi wa kiisimu ni haba. Lakini dai lake la msingi, kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokulia pwani na wala si mtoto wa biashara ya Waarabu, halikutenguliwa. Uchunguzi wa Nurse na Hinnebusch, uliochapishwa mwaka 1993, uliiweka lugha hii katika kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo, Kingazija na lugha za Mijikenda: Kiduruma na Kirabai, ndizo hizo zisikikazo Miritini, hatua chache kutoka Jomvu.