Burse ya Leta ilikufia wapi? Njia ya mtoto wa Kivu kwenda kusomea biashara

Matokeo ya Examen d'État yanapotoka, mnajua namna inavyokuwa: poda nyeupe kichwani, nyimbo barabarani, simu zinalia kila upande. Siku mbili tatu baadaye nyumba inanyamaza. Mtoto amefaulu, sasa minervali itatoka wapi? Kwa familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru ao Kalehe, swali hilo ni zito mara mbili. Wazazi wengi wanataka mtoto asomee biashara, jestioni ao uchumi, maana ni elimu ambayo inasaidia hata kwenye duka dogo la mtaani. Na wanauliza: burse ya watoto wenye akili ilienda wapi?

Ilikuwako. Wabelgiji walichelewa sana kutufungulia vyuo vikuu: Lovanium, karibu na Léopoldville, ilianza mwaka 1954, na kile cha Elisabethville kikafuata mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu, ukiwaacha mapadri, hawakufika hata thelathini. Inchi kubwa hivi, na hakuna wa kushika hesabu za wizara! Kwa hiyo Leta ilimtafuta mwanafunzi kuliko mwanafunzi alivyoitafuta Leta. Aliyefaulu alipata nafasi, kitanda, chakula na feza kidogo za mkononi. Watu wanakumbuka hayo kama ukarimu. Kwa maoni yangu ilikuwa haja tu: Leta ilinunua wafanyakazi wake wa kesho.

Upande wetu wa mashariki, Waprotestanti walifungua chuo kikuu huko Stanleyville, ni kusema Kisangani ya leo, mwaka 1963. Agosti 1964 Simba wakauteka mji, na chuo kikahamia Léopoldville kwa muda. Chuo kikuu cha kwanza cha mashariki kilikuwa mkimbizi wa ndani kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wale wanaodhani kusoma ukiwa umehama ni jambo jipya, wakumbuke hilo.

Mwaka 1967 ulikuja mtihani mmoja kwa inchi nzima, huu huu Examen d'État. Toka hapo asilimia za mtoto wa Bukavu ziliweza kupimwa kwa kipimo kile kile cha mtoto wa Kinshasa. Ndiyo mizizi ya kile tunachoita leo burse ya mastahili: unachaguliwa kwa pointi, si kwa jina la baba.

Lakini burse iligeuka kuwa jambo la siasa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, na kati ya madai yao kulikuwa kuongezwa kwa burse na kuwa na sauti katika uongozi wa chuo. Askari walipiga risasi. Kuna wanafunzi waliokufa. Mwaka 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao, Mobutu aliwaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini. Agosti ya mwaka huo huo vyuo vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, mikononi mwa Leta.

Kwa mtoto wa Kivu UNAZA ilileta shida ambayo haisemwi sana. Fakulte ziligawanywa kati ya miji mitatu, na ile ya uchumi iliwekwa Kinshasa. Aliyetaka kusomea uchumi ilibidi avuke inchi nzima. Maadamu burse ilikuwako, alivuka. Ilipoanza kudhoofika katika miaka ya 80, wakati Leta yenyewe ilikuwa na madeni na masharti ya wakopeshaji, nauli peke yake ilitosha kumrudisha mtu shambani. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, vyuo vikawa vitatu tena. Miaka ya 90 ilipoingia, burse ya Leta ilikuwa jina tu. Walimu hawakulipwa tena, na wazazi wakaanza kutoa ile prime ambayo kila mmoja wetu anaijua. Tunasema Leta ilikatisha burse, lakini mzigo haukwisha. Ulihama kutoka Leta hadi kwenye kikapu cha mama sokoni.

Na ni wakati huo huo wa shida ndipo masomo ya biashara yalipotukaribia. Waprotestanti walikuwa na ULPGL hapa Goma tangu 1985. Mwaka 1989 Leta iliruhusu vyuo vya binafsi, na mwaka huo maaskofu wakaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Kisangani kikafungua matawi Bukavu na Goma. Leo tunayaita UOB na UNIGOM. Ongeza ISC Goma, chuo cha Leta cha biashara. Mimi nasema kwamba ukaribu huo umesaidia watoto wengi zaidi kuliko burse yoyote iliyofuata. Mtoto anayelala kwa shangazi yake hapa mjini halipi nyumba wala safari.

Ila bei ya chuo si minervali peke yake, na hapo ndipo familia nyingi zinakwama. Kuna silabasi za kununua, kuna feza za kujiandikisha kwa mtihani, staji, na kazi ya kumaliza masomo. Chuo chenye minervali ndogo kinaweza kuwa ghali kufika mwezi wa sita. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya lisansi. Kwa mfumo mpya wa LMD lisansi inapatikana kwa miaka mitatu. Miaka miwili iliyopungua ni nafuu kubwa.

Burse za leo ni chache, na kila moja ina mlango wake. DAFI ilianza mwaka 1992, kwa feza za Ujerumani, chini ya HCR. Imesomesha vijana wengi wa kambi, lakini imeundwa kwa mkimbizi aliyevuka mpaka na kuandikishwa kule alikokimbilia. Mkongomani aliye Uganda ao Rwanda anaweza kuomba. Ndugu yake aliyekimbia kutoka Sake hadi Goma hawezi, hata kama alama zake ni za juu zaidi. Huko Rwanda, Kepler ilianza Kigali mwaka 2013 na kufika kambi ya Kiziba mwaka 2015, pamoja na Southern New Hampshire University ya Marekani. Vijana wetu walizaliwa ao kukulia kambini humo, na wengine wamepata digrii bila kutoka mbali na wazazi. Hapa inchini, tangu 2019, kuna Excellentia ya mfuko wa Denise Nyakeru Tshisekedi, kwa waliofaulu sana kwenye Examen d'État. Nayo inachukua wachache wa juu kabisa. Mwenye asilimia sitini na tano, mtoto mzuri wa kawaida, anabaki nje ya milango yote, na ndio wengi.

Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 na benki kufungwa, hata mzazi mwenye feza amepata taabu kuzifikisha chuoni. Na wengi walikimbia bila karatasi. Hilo linaumiza zaidi, kwa sababu burse zote hizi zinaanza na karatasi: bulletin za miaka ya mwisho, na attestation ya kufaulu wakati diploma yenyewe inangojewa kutoka Kinshasa. Aliyepoteza aanze kwa prefe wa shule yake, popote alipo sasa. Shule nyingi zilizohama bado zina daftari zao. Mwenye nazo azipige picha leo na kuzituma kwa ndugu aliye mbali. Kabla ya kuandikisha mtoto, uliza ofisi ya chuo ikuandikie jumla ya mwaka mzima na kwa awamu ngapi inalipwa. Na mtu akikuomba dola ishirini ili aingize jina lako kwenye orodha ya DAFI, jua kwamba HCR haiuzi nafasi. Fomu yake ni ya bure.