Chui wa Unguja: mnyama aliyeponzwa na "mwenyewe"

Wasomaji wangu, leo tuziache siasa za Bongo kidogo tuzungumze habari za chui. Si yule wa Serengeti anayefukuzwa na kamera za watalii. Namzungumzia chui wa Unguja, chui mdogo wa msituni ambaye leo amebaki ngozi makumbushoni na maneno vijijini.

Utaniuliza, mtu wa Chiwata na chui wa Zanzibar wapi na wapi? Subiri kidogo.

Chiwata iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kati ya Masasi na Newala. Historia ya upande wetu imefungamana na Zanzibar tangu 1876, pale Askofu Edward Steere wa UMCA alipowaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Miaka sita kabla, yaani 1870, Steere huyo huyo alichapisha kitabu cha hadithi alizokusanya Zanzibar. Mojawapo ni ya paka wa sultani. Paka anakula mifugo, watu wanalalamika, sultani anakataa asiuawe kwa kuwa ni paka wake. Mwisho paka anakuwa nunda, mla watu.

Shika neno hilo: paka wake. Mnyama mkali, ana mwenyewe. Tutalirudia.

Sasa tuje kwenye sayansi. Unguja ilitengana na bara bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, maelfu ya miaka iliyopita. Chui waliobaki kisiwani wakawa tofauti na ndugu zao: umbo dogo, madoa madogo na mengi zaidi. Mwaka 1932 mtaalamu wa Uingereza, Reginald Pocock, aliwapa jina la kisayansi la adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyefanya kazi Zanzibar. Pocock alifanya uamuzi huo kwa kutazama ngozi. Mpaka leo hakuna mwanasayansi aliyewahi kumchunguza chui huyu akiwa hai msituni kwake. Hata jina lenyewe halikudumu: mwaka 2017 wataalamu wa jamii ya paka waliwaweka chui wote wa Afrika katika kundi moja.

Wanasayansi walimjua kwa ngozi, lakini wanakijiji walimjua kwa hofu. Karne ya 20 ilivyosonga, watu waliongezeka, mashamba yakapanuka, msitu ukapungua. Chui akaanza kula mbuzi na kuku, mara nyingine akamvamia mtu. Na watu walikuwa na maelezo yao: huyu si chui wa porini, huyu kafugwa. Kuna mchawi anamlisha na kumtuma kwa jirani.

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Chui wa porini ukimuua umeua mnyama. Chui wa mtu ukimuua umempiga adui yako.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 hofu hiyo ikapata nguvu mpya. Mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni kubwa kisiwani, ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui kwa pamoja. Kampeni ikapita, lakini uwindaji ukaendelea, na chui akahesabiwa kuwa mnyama mharibifu. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi walikuwa wanaamini kwamba amekwisha.

Sikiliza sasa kichekesho chenye uchungu. Wahifadhi walipoanza kumtafuta, wanakijiji waliwaambia msihangaike, chui wapo, wanafugwa. Baadhi ya wahifadhi wakatamani kuwafikia hao wafugaji, waonyeshwe. Hakuna aliyeonyeshwa. Wanaanthropolojia wawili, Martin Walsh na Helle Goldman, walikaa na watu wakawasikiliza, na mwaka 1997 wakatoa ripoti kuhusu imani na mazoea yaliyomweka chui hatarini. Kwa maoni yangu huo ndio utafiti muhimu kuliko wote juu ya mnyama huyu, ingawa ulifanywa kwa mazungumzo na wala si kwa darubini. Ulionyesha kwamba imani ile ile iliyomwangamiza chui ndiyo sasa inayomfanya aonekane bado yupo.

Mwaka 2003 kamera za kujipiga zilitegwa katika msitu wa Jozani. Zilimpiga picha kanu wa Unguja, ambaye hakuwahi kupigwa picha akiwa hai porini. Chui hakutokea. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani kilirusha picha fupi za mnyama aliyedaiwa kuwa ni yeye. Dunia ikashangilia. Lakini picha fupi ya usiku haithibitishi kwamba kuna chui wanaozaliana.

Msiwacheke Waunguja. Huku kwetu kusini neno simba-mtu halihitaji kamusi. Ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, simba walipoua watu mwaka 2002 na 2003, wanakijiji waliwageukia wenzao waliotuhumiwa "kuwatengeneza" simba, na baadhi wakauawa. Utafiti uliochapishwa 2005 ulieleza kwamba simba waliua Watanzania zaidi ya 563 tangu 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Sababu iliyotajwa ni ya kawaida kabisa: wanyama wa kuwindwa wamepungua, simba wanawafuata nguruwe mwitu mashambani, na huko wanamkuta mkulima kalala kibandani akilinda mazao.

Nguruwe. Hakuna mzee wa kumtuhumu hapo, hakuna jirani wa kumchomea nyumba.

Sisemi wazee wetu walikuwa wajinga. Mtu aliyepoteza mtoto anatafuta jibu, na wataalamu wengi walishughulika na ngozi ya mnyama, si na kilio cha aliyefiwa. Ila kila tunapompa mnyama "mwenyewe", wanakufa wawili: mnyama, na yule tuliyemwita mwenyewe. Unguja chui kaisha. Je, na mchawi aliyesemwa kumfuga naye kaisha, au tumemtafutia mnyama mwingine?