Hifadhi ya Asili ya Tayna

Hifadhi ya Asili ya Tayna ni eneo la msitu linalolindwa kwa hiari ya wenyeji, lililoko upande wa magharibi wa Kayna, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 900.

Ilianzishwa mwaka 1998, nchi ikiwa vitani, na machifu wa jadi (bami), wenye mamlaka juu ya ardhi kwa mila, wakishirikiana na mhifadhi Pierre Kakule Vwirasihikya. Hapo ndipo inapotofautiana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 na utawala wa Ubelgiji bila ridhaa ya wenyeji, na ambayo mipaka yake bado inagombaniwa na wakulima. Huko Tayna, jamii ilikubali kwanza kuacha kulima na kuwinda katika kiini cha msitu. Serikali ikaitambua rasmi mwaka 2006.

Ridhaa hiyo iliambatana na manufaa ya kuonekana, yakiwemo huduma za afya na chuo kikuu cha uhifadhi huko Kasugho, kinachofundisha vijana wa huko huko. Bila manufaa hayo, ahadi ya machifu isingetosha kuzuia shoka.

Msitu huo ni makazi ya gorila wa Grauer, walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Gorila yatima waliookolewa hulelewa Kasugho, katika kituo cha GRACE kilichoanzishwa mwaka 2009.