Mkono wa Uchina, Mkono Mtupu

Tulipokuwa wadogo Mountain View, kila muvi ya ngumi na mateke ilikuwa karate. Bruce Lee, karate. Shaolin, karate. Ukivuka Waiyaki Way hadi kibanda cha video Kangemi, ni vilevile. Kisha kijana mmoja wa mtaa akaanza mazoezi ya kweli, akarudi kutusahihisha: Bruce Lee ni kung fu, ya Wachina, karate ni ya Wajapani, na mwalimu wa kung fu si sensei, ni sifu. Tuliaibika. Mimi aibu hiyo nilikaa nayo miaka.

Kumbe jina lenyewe lina siri. Karate ilizaliwa Okinawa, visiwa vya ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na Uchina kwa karne nyingi kabla Japani haijaumeza mwaka 1879. Wenyeji walikuwa na mbinu zao za kupigana, wakiziita te, yaani mkono. Wakazichanganya na za Wachina, na jina wakaliandika kwa herufi mbili: moja ya nasaba ya Tang, nyingine ya mkono. Mkono wa Uchina! Jina lilikuwa linakiri lenyewe.

Sasa, herufi ya Tang Wajapani huweza kuisoma kara. Ipo nyingine ya utupu, nayo pia husomwa kara. Oktoba 1936 walimu wakubwa walikutana Naha, mji mkuu wa Okinawa, wakakubaliana kuandika ‘mkono mtupu’. Japani ilikuwa imeshateka Manchuria tangu 1931, na si vigumu kuona kwa nini jina la Uchina lilikuwa mzigo. Sikio halikusikia tofauti yoyote. Kalamu tu ndiyo ilihama. Mwaka uliofuata nchi hizo mbili zikaingia vita kamili.

Sensei je? Mpe Mchina herufi zake, atasoma xiansheng, na kwake ni ‘bwana’ tu. Maana yake ya asili ni aliyetangulia kuzaliwa, yaani mzee wetu. Na kung fu kwa maana yake ya asili si mapigano; ni ustadi unaopatikana kwa muda na jasho. Mama wa chapati pale kona anayo.

Majuzi nilikutana na yule jamaa steji, nikamweleza yote. Akacheka.

“Kwa hivyo nyinyi ndio mlikuwa sawa?”

“Zii,” nikamwambia. “Sisi tulikuwa tunabahatisha.”